Siku Kumi na Moja Mbele ya Mdachi

...na kumbe ni mafuta, binti amesema mafuta, si picha ya kamera hii, rangi inakorogwa na mafuta halafu inapakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana miaka mia na zaidi imepita na uso bado unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, akajipaka samli, akakaa, anangoja aambiwe jambo... na Judica, aliyewekewa kiti hatua nne tu kutoka kwenye picha, fimbo katikati ya magoti, kitenge cha pili begani kwa ajili ya ubaridi wa mvua, hasemi, maana swali limeshaulizwa na ni lake peke yake, "Bibi, unamtambua huyu mama?", ndivyo alivyouliza Shamsa, binti wa hapa Miembeni anayetunza jumba hili la kumbukumbu, ushungi wa kijani, sauti ya kumbembeleza mgonjwa, fomu iko gotini na kalamu imebaki juu kama mguu wa kuku aliyesahau kukanyaga, na pembeni yupo Ta Rutaihwa, suti yake ya Jumapili, kofia ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani, ila macho yanacheka, yanamwambia sema, Ma Judica, sema tu, kama tulivyoongea garini... na kweli waliongea garini, Ta Rutaihwa alimfuata mwenyewe alfajiri hadi Kamachumu, mzee wa miaka sabini na sita anaendesha kutoka Kitendaguro kwenye ukungu, akashuka na mkate na sukari, akapiga hodi kama mtu mdogo, na njia nzima, kona baada ya kona, neno lilikuwa hilohilo, Ma Judica, umebaki wewe, waliomjua bibi yangu wamekwisha, na waliomjua mtu aliyemjua bibi yangu nao wamekwisha, ila wewe, bibi yako alimtumikia bibi yangu tangu wote wawili wakiwa wasichana, alimwogesha, alimfukizia vibuyu vya maziwa, na wewe umelala kitanda kimoja na huyo bibi yako mpaka unaolewa, sasa wewe ukisema ndiye, nani atanyanyua mdomo?... na Judica akajibu nitasema, Ta, nitasema, kwa sababu utamwambia nini mtu aliyekufungia mkanda wa gari kwa mikono yake mwenyewe, na kwa sababu midomo ya kwao ilizoea, tangu mukaka wake, bibi yake mzaa mama, tangu mama yake, watu wa nyumba ile wakisema jambo watu wa nyumba hii wanasema ndiyo, halafu ndipo wanafikiri.

Na Jumamosi kuna shughuli, watoto wa Ta Rutaihwa watatoka Dar es Salaam na Mwanza, mchungaji ataomba, kibao cha shaba kitapigiliwa chini ya picha, kimeshachongwa tayari, kipo garini kimefungwa gazeti, hakuweza kukisoma kwa kuwa shule yeye aliipita kwa nje akienda kuchota maji, lakini Ta Rutaihwa alimsomea, akapitisha kidole chini ya kila neno kama anayemfundisha mjukuu, Omumbeija Kokushubila, Binti wa Mukama, ndiye huyo bibi yake, binti wa mfalme wa Kihaya, na sauti yake ilipofika kwenye Mukama ikateleza kidogo, mzee mzima, Judica akaangalia dirishani ili asimwone anavyojifuta... kilichobaki ni fomu hii, maana sanduku lilipotoka Ujerumani mwezi jana, limetumwa na vitukuu wa Mdachi mchoraji, ukigeuza nyuma ya kitambaa cha picha wino wote umefutika, limesalia neno Koku, basi, na wanawake wa Kihaya wanaoitwa Koku-fulani ukiwapanga mstari wanafika Uganda, kwa hiyo Shamsa anataka mtu aliye hai aseme, aweke dole gumba, kidau cha wino wa zambarau hicho hapo mezani kimefunuliwa kifuniko, kinamtazama... na yeye alikuja kusema ndiyo, Mungu ni shahidi, alipanda ngazi za jumba hili na ndiyo yake mdomoni imeshalainika, alidhani atakuta uso wa mtu tu, mtu yeyote wa zamani, vile vichwa vya zamani vinavyofanana vyote, aseme ndiye, agonge dole, anywe soda, arudishwe kwake kabla kuku hawajalala. Hakuna aliyemwambia kwamba atafunguliwa mlango na Nyakaisiki.

Maana huyu si Kokushubila. Huyu ni Nyakaisiki, mukaka wake, msichana wa jikoni, omuzana, mtumwa wa nyumba kama hutaki kulifunika neno, huyu ni yule bibi kizee aliyemfundisha kumenya ndizi, ila hapa hajawa kizee, hapa ana miaka kumi na saba na meno yote, na Judica hajawahi kumwona akiwa na miaka kumi na saba, nani amewahi kumwona mukaka wake akiwa msichana? lakini amemjua kabla hajakaa kwenye kiti, kama ng'ombe anavyojua ndama wake gizani, ila hapa ndama ndiye amemjua ng'ombe, shingo ile, kidevu kile kilichoinuka kama mtu anayechungulia juu ya ua, na lile jicho la kushoto linalotangulia kucheka huku la kulia bado linafikiri... na siri anaijua, ameijua tangu ana miaka tisa, wamekaa mafigani, maganda yamejaa kwenye ungo, na Nyakaisiki hamwangalii, anaangalia kisu, siku kumi na moja, mjukuu wangu, siku kumi na moja nimekaa mbele ya Mdachi, walinifunga nguo tatu za lubugo, moja juu ya nyingine, lubugo ile nzito ya gome la mti, kwa sababu binti wa Mukama alikuwa mnene wa maziwa na mimi nilikuwa mwembamba kama mwiko, jasho linanitiririka mgongoni kama niko ndani ya chungu, na Mdachi hajui, mkalimani wake wa pwani hajui, wao wanamwona binti wa Mukama, nikikohoa wanakimbilia maji, nikijikuna wanainamisha macho, mawe, mama wee! mimi! mimi niliyekula ukoko wa chungu! siku ya kwanza niliogopa, ya pili niliogopa, ya tatu nikagundua kwamba watu wakikuinamia siku tatu mfululizo uti wa mgongo unanyooka wenyewe, hakuna wa kuuzuia... na hapo alicheka, kile kicheko chake cha puani, halafu akashusha sauti ingawa nyumbani hapakuwa na mtu, usiseme, Judica, siku ukisema tumekwisha, Omumbeija aliniambia kwa mdomo wake, kimya chako ndicho kibanja chako, na kweli akanipa kibanja, ndicho hiki tunachokula ndizi zake.

"Bibi, nilirudie swali?" Shamsa huyo, na Ta Rutaihwa anamjibu kabla yake, "Mwache, binti yangu, wazee wa Kamachumu swali hawalijibu mpaka walitafune kama kahawa," na Shamsa anacheka, anasema haya, tutangoja, mvua nayo haitutoi hapa, na mvua kweli inapiga bati kama wanaomwaga maharage, basi Judica amepewa dakika, azitafune... na wao wanasogea kwenye picha, wanamwacha aione katikati yao, bega la suti huku, ushungi huku, na Shamsa ananong'ona ile minong'ono ya watu wanaodhani mzee hasikii, kumbe kilichokufa kwake ni magoti, masikio mazima, "Mzee Rutaihwa, kuna kitu kinanishangaza, mwili mkubwa namna hii, lakini tazama kifundo cha mkono, kama cha mtoto," na Ta Rutaihwa anakohoa kitaalamu, "Ah, Mdachi yule hakuwa fundi wa mikono, mikono ni kazi ngumu, hata wapiga picha wa siku hizi wanakuambia uifiche," na Judica anabana midomo, hakuwa fundi, Bwana asifiwe, alikuwa fundi mpaka akachora uongo wote na ukweli wote kwenye kitambaa kimoja, nguo tatu akazichora nguo tatu, mkono mmoja akauchora mkono mmoja, nyie ndio mnaojumlisha vibaya... "Na hii hina, kwenye ncha za vidole," anasema Shamsa, "mimi nimeandika hina ya kifalme, bibi yangu mzaa baba alitoka Tanga, najua hina nikiiona, ila hii imeiva mpaka imekuwa nyeusi," na Ta Rutaihwa, "Andika hivyohivyo, akina mama wa ikulu walijipamba sana," na hapo Judica anashindwa, kicheko kinamtoka puani, anakigeuza kikohozi, wote wawili wanageuka, pole, Bibi, pole, Ma, maji? hapana, hataki maji... hina! Ule ni utomvu wa ndizi, enyi watu! utomvu wa ndizi za kila siku, asubuhi mkungu na jioni mkungu, unaingia chini ya kucha, unaingia kwenye mistari ya kidole, unasugua kwa majivu, unasugua kwa mafuta, hautoki mpaka uache kumenya na ukiacha kumenya maana yake umekufa au umekuwa binti wa Mukama, na Judica anavitazama vidole vyake vimelala juu ya fimbo, vyeusi vilevile, ncha kwa ncha, angevinyanyua tu sasa hivi avilaze kando ya vile vya kwenye picha na fomu ingejijaza yenyewe, lakini Shamsa ni mtu wa mjini, kwao ni wali, hana kosa, na Ta Rutaihwa ni mwanamume wa Kihaya, na mwanamume wa Kihaya tangu azaliwe ndizi inamfikia imeshaiva na imelala kwenye jani, atajua wapi rangi ya vidole vilivyoimenya.

Na walimsugua, Nyakaisiki alisimulia, alfajiri ile wasichana wawili wa ndani, nao wameapishwa, walimsugua vidole kwa ndimu na mchanga mpaka vikauma, wakasema ficha mikono ndani ya lubugo, wewe, usiitoe, na yeye akaificha siku tisa, siku ya kumi Mdachi akaja mwenyewe, ndevu zake nyekundu, ananuka mafuta yake kama taa iliyovunjika, hakumgusa, akainama tu akaonyesha mikono yake mwenyewe, namna hii, akaiweka juu ya magoti, namna hii, na Nyakaisiki akaitoa, mjukuu wangu, nikaitoa, nikasema moyoni ngoja aione, akishaiona nimekufa, akaitazama muda, akanitazama usoni, halafu akarudi kwenye kitambaa chake akachora wala hakusema neno, na mimi tangu siku hiyo najiuliza, alijua au hakujua?... alijua, mukaka, Judica anamjibu leo, miaka sitini tangu tumzike, alijua bwana yule, ameuchora hadi ule weusi wa chini ya kucha, angetaka kuuficha angeuficha, rangi alikuwa nayo... na siku ya kumi na moja akafunika kitambaa, akakunja vijiti vyake, wapagazi wakabeba, akaenda na picha bila kumwonyesha aliyechorwa, hata mara moja, na hilo ndilo lililomkaa Nyakaisiki kooni maisha yake yote, si utumwa, si nguo tatu, hilo, kwamba kuna mahali duniani amekaa na hajui amekaaje, mpaka uzee ule, macho yamefunga ukungu, ukimpelekea maji ya kunawa anainamia beseni anauliza, unadhani nilitokaje, Judica? alinitoa vizuri? au alinifanya kama jini? na Judica, msichana wa miaka kumi na minne, ana mikungu miwili ya kumenya, anasema ulitoka vizuri, mukaka, nawa, maji yanapoa.

"Mzee, samahani," sauti ya Shamsa, na safari hii si kunong'ona, "lakini ukimtazama Bibi akiwa amekaa hivi, kwa ubavu..." "Nini?" "Shingo. Na hapa kwenye kidevu. Mbona wanafanana?" na moyo wa Judica unasimama kama gari lililozimika mlimani, Shamsa anamtazama yeye, anatazama picha, anamtazama yeye, na Ta Rutaihwa naye anageuka, anamtazama mzimamzima labda kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzeeka pamoja, halafu anaangua kicheko, kicheko kizuri, hakina sumu, "Lazima wafanane! Mtumishi akikaa na bibi yake miaka arobaini anaiga kila kitu, mwendo, shingo, hata namna ya kupiga chafya, bibi yake huyu aliiga kwa bibi yangu, na huyu akaiga kwa bibi yake, ukiwaona wanawake wa kwao wanavyotembea unaweza kudhani ndio waliotutawala! Au siyo, Ma Judica?" na kichwa cha Judica, kwa mazoea tu, kinaanza kushuka kuitikia, kimeshafika nusu, nusu ya ndiyo... na kinakwama hapo. Kuiga. Ameiga, amesema. Shingo imekuwa kitambaa cha kuazima, imekuwa kama ile lubugo, ukimaliza unaikunja unairudisha ikulu... shingo hii alikuwa nayo mama yake Judica akibeba mtungi bila kuushika, mwinjilisti akasema mwanamke huyu ana majivuno, na dada yake akazaliwa nayo, na binti yake wa kwanza, aliyepo Mwanza, aliambiwa na mwalimu inamisha kichwa unapoongea na wakubwa akajibu nimeinamisha, mwalimu, hapa ndipo kinapofika, watu wanne, damu moja, hata mmoja wao hajawahi kumwona Kokushubila, wameiga kwa nani? kwa moshi wa jikoni? na hasira inampanda Judica taratibu kama maji ya maharage, inakaribia kufunua kifuniko, atasema, atasema sasa hivi, atasema Ta Rutaihwa, hicho kibao chako ulichokifunga gazeti kakipigilie kwenye mlango wa choo, unayemvulia kofia ni mpishi, unayemlilia garini ni mtumwa wenu, mmemletea suti ya Jumapili, na Jumamosi mtamletea mchungaji... na ni tamu, jamani, dakika moja ni tamu kuliko asali ya mwituni, anailamba, anaona watoto wa Dar es Salaam na miwani yao wakitazamana.

Halafu anaiona kofia. Bado imeshikwa kwa mikono miwili. Mikono nayo imeanza kutetemeka siku hizi, lini imeanza? na huyu ndiye aliyekuja kuchimba mashimo ya mipaka pamoja nao mwaka ule ndugu zake waliponung'unika kwamba kibanja cha Kamachumu kirudi, alikuja na jembe lake akapanda milamula, ile miti ya mpaka, pande zote nne, akasema bibi yangu alikitoa na mkono wa bibi yangu haukunjwi, hakujua kilitolewa kwa nini, alijua kimetolewa, basi, ikamtosha, na leo amfanyie hivi? amvue nguo mbele ya msichana wa watu?... si kibanja anachokiogopa, kibanja kina makaburi matatu ya kwao, hakuna wa kukinyanyua, ni uso ule tu, uso wa mzee akiambiwa wewe ulidhani. Basi aseme ndiyo? Agonge dole? Lakini akigonga, dole la nani hilo, dole lenye utomvu linaweka wino juu ya dole jingine lenye utomvu, linasema simjui, anamkana mukaka wake mbele yake, na yeye amekaa pale hatua nne anamwangalia, jicho la kushoto limeshaanza kucheka... ee Bwana, na siri aliapishwa. Aliapishwa. Hata siku Nyakaisiki anabatizwa, mwinjilisti Aroni kasimama ndani ya maji, anasema leta yote, mama, usibakize, na mukaka akaleta yote, pombe akaitaja, hirizi akaitaja, yule mwanamume wa Nshamba akamtaja mpaka watu wakakohoa, picha hakuitaja, na Judica mtoto akamuuliza usiku kitandani, na ile ya Mdachi? akasema ile si dhambi, ile ni siri, dhambi ni ya mtu mmoja unaweza kuitoa, siri ni ya watu wawili, huwezi kuitoa mpaka umuulize mwenzako.

Mwenzako. Judica anatulia. Mwenzake Nyakaisiki alikuwa nani kama si Kokushubila? na miaka yote hii, tangu mafigani, tangu ungo wa maganda, yeye ameishika siri upande mmoja tu, upande wa jikoni, hajawahi kuigeuza aone upande wa pili umekaaje, kama mtu anayemiliki shilingi akajua mwenge hajui kichwa... haya, muulize. Alitaka nini, yule? Na sauti inakuja, si ya Kokushubila, hakuwahi kuisikia, inakuja kwa mdomo wa Nyakaisiki akimwigiza, akijikweza, akivimbisha mashavu, walikuwa ndani, mjukuu wangu, mimi na yeye tu, nje Mdachi ameshafika na viti vyake, na Mukama ameshakubali, nani angekataa, Wadachi walikuwa na boma na bunduki, Mukama amesema binti yangu atakaa achorwe, na binti wa Mukama hatazamwi, alikuwa akitoka anabebwa kwenye machela iliyofunikwa pande zote, hata mimi niliyemwogesha niliangalia mabega sikuangalia macho, na siku ile akaniangalia yeye, akasema, baba amempa Mdachi ng'ombe, amempa pembe, amempa vijana wa kubeba mizigo wengine hawakurudi, uso wangu simpi. Uso wangu hauendi kwao. Nikasema waitu, bibi mkubwa, Mukama akijua tutalala mtoni mimi na wewe. Akasema najua. Akanishika hapa, chini ya kidevu, kwa mkono wake, akakiinua kama anayenunua, akasema, wewe una shingo. Nenda.

Wewe una shingo... Judica amelisikia neno hilo mara mia na leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia, aliyeona shingo wa kwanza hakuwa Mdachi, alikuwa yeye mwenyewe, binti wa Mukama, kati ya wasichana wote wa ikulu, wanene na weupe wa samli, akamchagua wa jikoni, kwa hiyo Ta Rutaihwa, jibu lako hilo hapo, bibi yako ndiye shahidi wangu... lakini si hilo tu, ngoja, kuna kubwa kuliko hilo, linakuja kama mkungu unaoinamisha mgomba, Kokushubila alikataa. Alimkataa Mdachi mwenye bunduki na Mukama mwenye ngoma, wote wawili, asubuhi moja, kimyakimya, hajapiga kelele, na wakaondoka wote wameridhika, na picha ikavuka bahari ikaning'inia nyumba za watu miaka mia, Wadachi wakala chakula chini yake wakisema tunaye binti wa mfalme, na hawakuwa naye! hawakuwa naye hata siku moja, alikuwa kwake, kwenye machela yake, amefunikwa, hakuna jicho la mgeni lililowahi kumgusa... na Jumamosi hii mjukuu wake mwenyewe, kwa upendo, kwa suti, kwa mchungaji, kwa kibao cha shaba, atamtoa nje ampeleke kwa Mdachi. Atakamilisha alichokikataa. Na dole la kumkabidhi linaombwa kwake yeye Judica, wa nyumba ya walioitunza siri... bojo, jamani, hapana. Hapana kwa ajili ya Nyakaisiki, na hapana kwa ajili ya Kokushubila, hapana moja inawatosha wote wawili, kumbe siku zote zilikuwa siri mbili na ukweli mmoja, na ukweli wenyewe hauna wa kumvua nguo, una wa kumvika, mzee huyu anayetetemeka mikono ana bibi mkubwa kuliko anavyojua, amebeba garini kibao kidogo mno.

Mvua ni ileile, bati ni lilelile, kalamu ya Shamsa bado haijashuka, pengine hata dakika tano hazijaisha, na Ta Rutaihwa bado ameinamisha kichwa upande mmoja anangoja ile nusu ya ndiyo iliyobaki, na Judica anamtazama kwanza mukaka wake, anamtazama vizuri, bila haraka ya maji yanayopoa, shingo, kidevu, jicho, mikono ile juu ya magoti kama watu wawili waliofika walikokuwa wakienda, ulitoka vizuri, Nyakaisiki, anamwambia kimoyomoyo, na safari hii nimekuona, hakukufanya jini, ulitoka kama mtu anayejua bei yake na hauzwi... halafu anamgeukia mzee, na kidevu chake mwenyewe anakihisi kinapanda, hakizuii, acha kifike kinapofika, na anapofungua mdomo sauti inatoka pana, ya mtu aliye nyumbani kwake, "Ta Rutaihwa, vuta kile kiti, mwanangu, ukae karibu yangu, nataka nikusifie bibi yako."